Aliyemla mtoto wa Taung

Kwa Kitswana, tau ni simba. Taung ni mahali pa Tau, jina lililobaki kutoka kwa mfalme wa zamani wa Barolong. Mji wenyewe ni mdogo, uko kaskazini-magharibi mwa Afrika Kusini, pembezoni mwa Kalahari, nchi ya vichaka vikavu na mawe ya chokaa. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba zamani za kale mtoto aliliwa Taung, utamtaja simba kabla hajamaliza kusimulia. Badilisha herufi moja tu. Weka tai.

Marehemu ni mtoto wa miaka 3 au 4, mwenye uzito unaokadiriwa kuwa kilo 10 hivi, aliyekufa zaidi ya miaka milioni 2 na nusu iliyopita. Tulichonacho ni uso, taya la chini, na ubongo uliogeuka jiwe. Mwili haupo. Mtuhumiwa, kwa maoni ya wengi siku hizi, ni tai mwenye kishungi, Stephanoaetus coronatus, au ndugu yake wa karibu. Huyu ni tai wa misituni ambaye bado yupo na bado anaishi kwa kula kima, kuanzia Afrika ya Magharibi hadi Kibale, Udzungwa, na hata msitu wa Karura ndani ya Nairobi.

Ninaipitia kesi hii upya kwa sababu husimuliwa vibaya. Husimuliwa kana kwamba bwana mmoja mwenye macho makali alilichukua fuvu, akaliinua kwenye mwanga, akapata jibu. Fuvu hilo lilishikwa, likapimwa, likachorwa na kupigwa picha kwa miaka 80, na jibu lilikuwamo humo humo muda wote bila mtu kulisoma. Aliyefundisha watu kulisoma ni tai mwenyewe, kwa mabaki anayoyatupa chini ya kiota chake, katika misitu iliyo mbali sana na Taung.

Jiwe ndani ya sanduku

Mwaka 1924 Taung ilikuwa machimbo. Wachimbaji walikuwa wakilipua jabali la Buxton kwa baruti ili kupata chokaa, na humo yalikuwa yakitoka mafuvu ya nyani yaliyogeuka mawe. Moja lilimfikia Josephine Salmons, mwanafunzi wa anatomia katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Akampelekea mwalimu wake, Raymond Dart, Mwaustralia wa miaka 31. Dart akaomba aletewe mengine.

Kwa masimulizi yake mwenyewe, masanduku yalifika siku ya harusi, yeye akiwa ndiye mpambe wa bwana harusi na yuko katikati ya kuvaa. Akavua kola, akachukua bisibisi au chochote kilichokuwa karibu, akafungua. Ndani akakuta jiwe lenye umbo la ubongo, mikunjo na mishipa ikionekana wazi, upande mmoja umefunikwa na fuwele zinazometameta kama sukari guru iliyovunjwa. Ubongo halisi ulikuwa umeoza zamani, matope ya chokaa yakaingia mahali pake ndani ya fuvu na kuganda. Kwenye jiwe jingine kulikuwa na uwazi ambamo ubongo ule uliingia sawasawa. Maana yake uso ulikuwa bado umo ndani ya jiwe hilo.

Dart alichokonoa kwa wiki kadhaa, akitumia vifaa vya kuazima, zikiwemo sindano za mkewe za kufumia. Tarehe 23 Desemba mwamba uliachia, uso ukatokea. Ulikuwa uso wa mtoto, meno ya utotoni yote yakiwa mahali pake na magego ya kwanza ya kudumu ndiyo kwanza yanachomoza. Tarehe 7 Februari 1925 akamtangaza katika jarida la Nature kwa jina Australopithecus africanus, kiumbe aliye kati ya sokwe na mtu. Wakubwa wa London walimpuuza. Wao walikuwa na fuvu lao la Piltdown, lililodhaniwa kuwa la babu wa binadamu wa Uingereza, ambalo mwaka 1953 lilikuja kufichuliwa kuwa la kughushi. (Mambo ya dunia: Dart alipompeleka mtoto wake wa jiwe London mwanzoni mwa miaka ya 1930, mkewe alimsahau kwenye teksi. Alikuja kupatikana polisi.)

Ugomvi wa wakati huo ulikuwa juu ya swali moja: huyu ni nani? Swali la nani alimuua halikuwa na mwenyewe. Dart alilijibu kwa kupita, na akalijibu kinyume. Aliitazama mifupa iliyotoka pamoja na mtoto, yaani nyani wadogo, pimbi, sungura, paa wadogo, kobe, maganda ya mayai na kaa wa mtoni, akasema haya ni mabaki ya jikoni. Wapishi, kwa maoni yake, ni jamaa za huyu mtoto. Baadaye alipoona mafuvu ya nyani yana mabonyeo na mipasuko, akasema yamepigwa virungu. Kufikia miaka ya 1950 alikuwa amejenga picha nzima ya babu zetu kama wauaji wenye silaha za mifupa, na picha hiyo ikapendwa sana na watu ambao hawajawahi kuona mfupa wa nyani.

Aliyeivunja ni Bob Brain, mtafiti wa mifupa ya mapangoni, hukohuko Afrika Kusini. Alionyesha kwamba marundo ya mifupa ya pango la Swartkrans yalikuwa ya chui na wanyama wengine wala nyama. Hoja yake maarufu zaidi ni fuvu la kijana mmoja lenye matundu mawili, na meno ya taya la chui yakiwekwa juu yake yanaingia. Babu akageuka kutoka mwindaji kuwa kitoweo. Ila Taung ilibaki pembeni. Chui hakufaa pale, na kwa muda mrefu hakuna aliyeuliza kwa nini.

Rundo lisilo la kawaida

Mwaka 1995 Lee Berger na Ron Clarke, watafiti wa mabaki ya kale wa Witwatersrand, waliuliza. Walianza na rundo lote, fuvu la mtoto wakaliweka kando kwanza, na hilo ndilo jambo la kwanza walilofanya vizuri. Chukua Swartkrans au Makapansgat, pango jingine la Afrika Kusini: utakuta swala wakubwa, utakuta mifupa iliyotafunwa ncha na fisi. Taung hakuna. Kila kilichoko Taung ni kidogo. Mnyama mkubwa hayupo, na waliopo ni wa kiasi ambacho mwindaji mwenye uzito wa kilo chache angeweza kuwamudu. Ongeza maganda ya mayai. Ongeza kobe. Chui hana kawaida ya kurundika kobe na mayai.

Halafu mafuvu ya nyani. Yale mabonyeo ya Dart yana matundu madogo yenye umbo la V, kingo zimekunjwa kuelekea ndani, kama kopo la maziwa lililotobolewa kwa kisu. Kirungu hakitoboi hivyo, na jino la chui huacha tundu la duara, mara nyingi likiwa na mwenzake.

Hitimisho lao: mrundikaji mkuu ni ndege mkubwa mla nyama, na mtoto ni mmoja wa waliorundikwa.

Jibu lilikuja mwaka huo huo, na lilikuwa na mashiko. Anders Hedenström, mtaalamu wa namna ndege wanavyoruka, alipiga hesabu: tai wa kilo 4 hawezi kupaa na mtoto wa kilo 10. Hesabu yenyewe sina ugomvi nayo. Ni fizikia ya kawaida, na yeyote aliyewahi kumwona mwewe akihangaika na kuku mkubwa hadi akamwachia anaijua bila kalamu. Tatizo ni kwamba hesabu ilijibu swali ambalo tai hajiulizi. Ili kulielewa hilo, inabidi tumwache marehemu kidogo tumtazame mtuhumiwa.

Ndege mwenyewe

Kiswahili hakijakubaliana kumpa jina moja. Ndege hawa wakubwa wengine huwaita kipungu, wengine tai tu, na mimi namwita tai mwenye kishungi kwa sababu ya manyoya ya kisogoni anayoyasimamisha akishtuka. Kijijini mara nyingi ni "mwewe mkubwa", maana aliyepoteza kuku hana muda wa kuainisha.

Si tai mzito kuliko wote Afrika. Jike, ambaye ndiye mkubwa, hufika kilo 4 na kidogo. Dume ni mdogo zaidi. Mabawa yakinyooshwa ni mita 1.5 hadi 1.8, mafupi kwa mwili wa namna hiyo, mapana, ya mviringo, na mkia ni mrefu. Huyo ni ndege aliyeumbwa kupinda kati ya matawi, tofauti na wale wa kuelea juu ya mbuga. Uzito wake umeenda miguuni. Mguu ni mnene kama kifundo cha mkono wa mtoto, na kucha ya kidole cha nyuma ina urefu wa sentimita 6 hivi. Kucha hiyo ndiyo inayoua. Mdomo ni wa kulia chakula tu.

Windo lake ni la kuvizia. Hukaa kimya kwenye tawi, wakati mwingine kwa saa nyingi, ndani kabisa ya kivuli, na kinachofuata ni sekunde chache. Akishamkamata mnyama mzito, hambebi mzima. Humshusha au humfuata chini, humla sehemu, humkata vipande, na vipande ndivyo vinavyopanda juu. Ameshaandikwa kuua mtoto wa pongo na hata pongo wa kilo 30. Hakuna anayedai aliruka naye.

Hapo hoja ya kupaa inakwisha nguvu. Kilichopatikana Taung ni kichwa. Kichwa cha mtoto wa miaka 3, tai anakibeba.

Nyumbani kwa bibi yangu kulikuwa na kuku watano au sita wa kienyeji, na nilijifunza mapema kwamba kuku mwenye vifaranga ana milio miwili. Mmoja wa paka au nguchiro, ambao huufanya huku akijitanua na kusogelea. Mwingine wa mwewe, mfupi, mkavu, na ukisikika vifaranga hawatazami, wanalala tu pale walipo au wanaingia uvunguni. Bibi alikuwa anatoka jikoni kwa mlio wa pili na hatoki kwa wa kwanza.

Msitu wa Taï, kusini-magharibi mwa Côte d'Ivoire, una kitu hicho hicho kwa kiwango kikubwa zaidi. Klaus Zuberbühler na wenzake waliwachezea kima aina ya Diana sauti kwa spika: mkoromo wa chui, na filimbi za tai mwenye kishungi. Kima wakajibu kwa kilio tofauti kwa kila mmoja. Chui akishajulikana yupo, hupigiwa kelele mpaka aondoke, kwa sababu uviziaji wake umeharibika. Lililonifurahisha zaidi ni la hondohondo. Mwaka 2004 watafiti hao walionyesha kwamba hondohondo wa msitu ule wanakisikia kilio cha kima na kukitenganisha: kima wakilia tai, nao wanashtuka, kima wakilia chui, hawana habari, kwa sababu chui hali hondohondo. Msitu mzima unajua jina la ndege huyu, kila mmoja kwa lugha ya jirani.

Wanyama hawawi na neno maalumu kwa adui wa mara moja kwa mwaka. Kule Ngogo, ndani ya Kibale nchini Uganda, mabaki yaliyokusanywa chini ya viota vya tai hawa yalionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya windo lao ni kima: mbega wekundu, mangabe, na zaidi ya wote kima wenye mkia mwekundu. Huyu si ndege anayekula kima akikosa kingine.

Chini ya mti

Sasa tumefika mahali kesi ilipoamuliwa.

Tai mwenye kishungi hajengi kiota kipya kila mwaka. Hurudi kwenye kile kile, juu kwenye panda la mti mkubwa, akiongeza vijiti, mpaka kinakuwa chanja cha upana wa mita 2 na kina kinachokaribia hapo. Hutaga yai 1 au 2. Yakianguliwa mawili, mkubwa humuua mdogo. Kinda hukaa kiotani siku 110 hivi, na hata akishaweza kuruka wazazi huendelea kumletea chakula kwa karibu mwaka mzima zaidi. Leslie Brown, aliyewafuatilia tai hawa Kenya kwa miaka mingi, wakiwemo jozi wa Karen nje kidogo ya Nairobi, ni miongoni mwa walioonyesha kwamba kwa sababu hiyo wengi huzaa mara 1 kwa miaka 2. Kwa hiyo kwa mwenye kiota kuna mdomo wa kulishwa karibu wakati wote, na kila mlo una mifupa, na mifupa ina njia moja tu ya kwenda: chini.

Ardhi ya chini ya kiota haina uzuri. Kuna vijiti vilivyodondoka, matone meupe ya kinyesi juu ya majani, viraka vya ngozi yenye manyoya, na harufu. Unapiga magoti, unaondoa majani yaliyooza moja moja. Hapa taya. Hapa nyonga. Hapa mfupa wa bega, mwembamba kama bamba la bati, umetobolewa matobo ambayo kingo zake zimekunjwa. Unautia kila mmoja kwenye mfuko, unaandika tarehe, na baada ya wiki mbili unarudi mahali pale pale. William Sanders, Josh Trapani na John Mitani walichapisha mwaka 2003 uchambuzi wa mifupa iliyopatikana kwa kazi ya namna hii Ngogo. Huko Taï, Scott McGraw, Catherine Cooke na Susanne Shultz walikusanya chini ya viota 16, wakapata zaidi ya mifupa 1,200, na zaidi ya nusu ilikuwa ya kima, wakiwemo mangabe wakubwa wa kilo zinazokaribia za mtoto wa Taung.

Faida ya jalala la tai ni kwamba hakuna ubishi juu ya nani alikula. Umemwona ametua, umemsikia kinda akilia, mfupa umeanguka. Kwa hiyo unaweza kugeuza swali. Badala ya kuuliza alama hii ni ya nani, unauliza: mtu huyu ninayemjua huacha alama gani?

Na alama zake zina tabia. Mafuvu ya wanyama wakubwa hubaki mazima kiasi, tofauti na meno ya fisi ambayo hayabakishi fuvu la mtoto. Mifupa ya miguu ya nyuma inadumu. Bega linachanika. Halafu McGraw na wenzake wakaeleza jambo moja ambalo lingeonekana dogo kama lisingejirudia: sakafu ya tundu la jicho. Chini ya mboni kuna mfupa mwembamba kama ganda la yai. Kwa kima walioliwa na tai, mfupa huo umetobolewa na kuchanwa, tundu dogo na mkwaruzo wenye kingo za kuparara, mahali ambapo ncha ya kucha imeingia kupitia jichoni.

Macho

Makala ya McGraw ilimfikia Berger kabla haijachapishwa. Alikuwa ameombwa aipitie. Akaenda kwenye kabati la chuo chake ambamo fuvu la Taung limekaa, akatazama ndani ya macho.

Yalikuwamo. Tundu dogo chini ya jicho, na mchaniko kwenye sakafu ya tundu la jicho, karibu sawa kabisa na picha za kima wa Côte d'Ivoire. Alichapisha mwaka 2006, makala yake ikitoka katika toleo moja na ya McGraw. Fuvu lile lilikuwa limepita kwenye mikono ya Dart mwenyewe, ya Phillip Tobias aliyerithi kiti chake, na ya karibu kila mtaalamu mkubwa wa fani hiyo katika karne nzima, na Berger naye alikuwa ameliandikia makala ya tai miaka 11 kabla bila kuliona. Nakala za plasta zipo kwenye makumbusho nyingi duniani. Mimi nimewahi kuishika moja. Inakaa kwenye kiganja, na kidole gumba chako kinajikuta chenyewe kimeingia kwenye jicho.

Simlaumu mtu. Tundu dogo kwenye mfupa mwembamba wa jiwe la miaka zaidi ya milioni 2 lina maelezo mia: baruti, sindano ya kufumia, teksi. Lilikuwa halina maana mpaka kuwe na rundo la mafuvu mengine, yenye mla anayejulikana, yenye tundu hilo hilo mahali hapo hapo. Hapo ndipo lilipogeuka kuwa saini. Ndiyo maana nasema fuvu halikutoa jibu. Kima wa Taï ndio waliotoa, na watu waliopiga magoti miaka kadhaa kwenye kinyesi cha ndege wakihesabu taya.

Upande wa utetezi

Mtuhumiwa ana haki zake, na naona tatu.

Ya kwanza: alama ya kula si alama ya kuua. Kucha iliyopita jichoni inathibitisha kwamba tai alikuwa na kichwa hicho. Haithibitishi kwamba mtoto alikuwa hai tai alipomfikia. Jibu ninaloliona ni la tabia. Tai huyu ni mwindaji, na mzoga si riziki yake ya kawaida. Tena nguvu za kumuua mtoto anazo: imeandikwa habari ya mvulana wa miaka 7 wa Zambia, mwenye kilo 20, aliyerukiwa na tai mchanga wa aina hii akiwa njiani kwenda shule, akachanwa kichwa, mikono na kifua, mpaka mwanamke aliyekuwa karibu akamuua ndege kwa jembe. Lisemwalo lipo. Hata hivyo mwanasheria mzuri angesema tabia si ushahidi wa siku ile, na angekuwa sahihi.

Ya pili: mahali pa tukio pamelipuliwa. Jabali ambamo mtoto alikuwamo lilikuwa chokaa, na chokaa ilichomwa ikauzwa. Hakuna anayeweza kuweka kidole na kusema alilala hapa, na jirani yake alikuwa huyu. Kwa miaka mingi ilichukuliwa kwamba alitoka pangoni. Mwaka 2013 Philip Hopley na wenzake walitoa hoja kwamba jiwe lililomshika lina sifa za udongo wa juu ya ardhi ulioganda kwa chokaa, wala si la pango. Kwa tai hilo halina madhara, pengine linamfaa zaidi aliyemshtaki, kwa kuwa chini ya mti au chini ya jabali ndiko mabaki ya tai yanakoangukia. Ila linakumbusha kwamba "rundo la Taung" tunalolizungumza ni mkusanyo wa vitu vilivyookotwa baada ya mlipuko, vingine kutoka sehemu tofauti na enzi tofauti.

Ya tatu ndiyo inayonisumbua. Tai gani? Tunasema tai mwenye kishungi kwa sababu ndiye tuliyechunguza jalala lake vizuri kuliko wenzake, na tumelichunguza kwa sababu wataalamu wa kima wamejaa Kibale na Taï. Lakini Taung ya leo si mahali pake. Hakuna msitu. Ndege wa huko ni wawili wengine: yule tai mkubwa wa mbuga, Polemaetus bellicosus, ambaye ni mzito kuliko wa kishungi, na tai mweusi wa majabali, Aquila verreauxii, ambaye maisha yake ni pimbi na ambaye jabali la chokaa ni nyumba yake halali. Pimbi wamo kwenye rundo la Taung. Wote wawili wana kucha, wote wawili hurarua. Berger na Clarke walikuwa waangalifu kusema ndege mkubwa mla nyama. Ni masimulizi ya baadaye, haya ya magazetini na vipindi vya televisheni, yaliyomtoa tai wa msituni akiwa na pingu. Mimi kura yangu naiweka kwa tai, na kwa jina lake kamili nasita.

Kuna jambo moja dhidi ya kusita kwangu. Wa majabali hula pimbi, na nyani kwake ni nadra. Rundo la Taung lina nyani wengi mno, na mtu anayerudi tena na tena kwa nyani, kichwa baada ya kichwa, anafanana zaidi na yule wa Ngogo.

Machimbo yalipofungwa zilibaki nguzo mbili za mwamba ambazo wachimbaji hawakuzigusa, moja ikaitwa kwa jina la Dart, nyingine kwa jina la Aleš Hrdlička, Mmarekani aliyefika hapo mwaka 1925. Kuanzia mwaka 1988 Tobias na Jeffrey McKee walichimba kwenye nguzo hizo kwa miaka 5. Walitoa nyani, wakatoa nyani tena, na wanyama wadogo wa kila namna. Mtoto wa pili hawakumpata, na mpaka leo hakuna aliyempata.